Mabega Mawili, Jembe Moja

Mimi niliugua kwa kukaa. Leo ukisema hivyo unaeleweka, maana kila mtu ana mwanawe ofisini anayelalamikia shingo na kiuno. Lakini miaka ile ya ujamaa, pale Miburani, kisiwani Mafia, kumwambia mtu kwamba kiti kimekuumiza ilikuwa sawa na kumwambia umechoka kwa kulala. Wenzangu walitoka shamba miguu imepasuka, wengine walitoka baharini viganja vimechanwa na kamba, na mie hapo nimeshika bega, nimekunja uso, eti taipureta. Nilikuwa nikiona haya hata kujinyoosha mbele za watu.

Nilikuwa mpiga chapa wa ofisi ya serikali, Kilindoni. Kwetu ni bara, milimani Uluguru. Kazi nilijifunza Dar es Salaam, na hukohuko nikapatana na kijana wa Mafia, baharia wa meli ya mizigo, akanioa. Baharia ni mume wa barua na salamu, ndivyo nilivyokuwa nikimtania. Nilipopata uhamisho wa kwenda kisiwani kwao, alinipeleka kwa mama yake, akakaa siku chache, akarudi melini. Nyumba ikabaki ya wanawake wawili: mavyaa wangu, na mimi mkamwana wake.

Siku niliyoingia, mume wangu akiwa bado bandarini na mizigo, nilisimama mlangoni na sanduku langu la bati, sijui niweke wapi mikono. Mavyaa alikuwa mrefu, mrefu kuliko wanaume wengi wa pale, na jirani zake walimwita kila walipotaka kitu kilichowekwa juu. Aliniangalia toka kichwa hadi miguu, kisha akanyoosha mkono wa kulia mpaka kwenye boriti, akaushusha mkeka mpya wa ukindu uliokunjwa, kwa mkono huo mmoja tu, akaukung'uta na kuutandika. Akaniambia nikae, kwangu ni hapa. Mkeka alikuwa ameusuka mwenyewe tangu alipopata habari za posa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, na kuanzia hapo hakuwahi kuniita kwa jina.

Kazi yangu watu waliiona nyepesi. Hebu nikueleze ilivyokuwa. Meza ilikuwa ya juu, kiti cha chini, hivyo nilikalia gunia lililokunjwa ili nifikie mashine. Wakubwa walitaka nakala za kila hotuba na kila taarifa: ya chama, ya mkoa, ya faili, na ya yule ambaye angeuliza baadaye. Kwa hiyo karatasi zilipangwa na kaboni katikati yake, bunda zima, na ili herufi zifike kwenye nakala ya mwisho ilibidi uzipige hizo funguo kama unatwanga. Ukipiga polepole, ya mwisho inatoka kivuli, na unaambiwa rudia. Nilipiga tangu asubuhi hadi jua la mchana linapogeuka, shingo imeinama, mabega yamepanda mpaka masikioni.

Yalianza maumivu ya shingo, yakashuka begani, yakaingia mkono wa kulia mpaka vidole vikafa ganzi. Nilijikaza. Nyumbani sikusema neno. Ningesemaje? Mavyaa alikuwa ameamka kabla yangu, amechota maji, amepalilia muhogo wake nyuma ya nyumba, amefua nazi, ananingoja na chakula.

Aliyenifichua ni nazi. Jioni moja nilikalia mbuzi nikaanza kukuna, na mkono ukagoma. Kifuu kikanitoka, kikabingirika mpaka miguuni kwake. Alikiokota, akaniondoa kwenye mbuzi kwa kunisukuma kidogo na goti, akakuna mwenyewe. Tulipokwisha kula akakaanga chumvi ya mawe kwenye chungu, akaifunga ndani ya kitambaa, akapasha mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu, akaniambia nilale kifudifudi.

Mavyaa alikuwa mkandaji. Miaka mingi aliwakanda wazazi, wanawake waliotoka kujifungua, na mikono yake ilijulikana Miburani nzima. Wakati ninafika alikwisha kupunguza, akikanda jamaa tu, kwa kuwa alisema kazi hiyo inataka mgongo na mgongo wake anauhifadhi kwa ajili ya wajukuu. Alinibonyeza kwa lile furushi la chumvi ya moto, akafuata kwa kidole gumba, polepole, mpaka akakikuta kifundo chini ya shingo. Hapo akaanza kulisema bega langu. Alilisema kama mtoto mkaidi: lilegee, limemkazia nani, linang'ang'ania nini. Mie nilicheka na kulia palepale. Usiku huo nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata kwa wiki nyingi.

Asubuhi yake akaniamuru niende hospitali, maana yeye, alisema, anakanda nyama lakini mifupa ina wenyewe. Daktari alikuwa mtu wa bara kama mimi, mcheshi, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alinigeuza shingo, akaniinua mkono, akaniuliza nakaaje kazini. Nilipomweleza habari za gunia alitikisa kichwa. Akasema kiti kipandishwe kwa vipande vya mnazi na meza isiguswe. Nisimame kila nikimaliza ukurasa, nizungushe mabega nyuma. Nyumbani nisimame karibu na ukuta nitembeze vidole juu yake kama buibui, nipande hadi pale maumivu yanaponikataza, kila siku juu kidogo. Kukandwa kuendelee, kunanifaa. Na jembe nisilishike kabisa mpaka aniambie.

Hilo la jembe ndilo lililotuingiza matatani.

Jumamosi asubuhi ilikuwa siku ya shamba la ujamaa, muhogo na kunde, na utaratibu ulikuwa kila nyumba jembe moja. La kwetu nilikwenda nalo mimi, kwa kuwa mimi ndiye kijana wa nyumba. Daktari aliponikataza nilimwendea balozi wa nyumba kumi nikamweleza. Wala hakunisumbua. Alisema mgonjwa ni mgonjwa, nyumba yetu isamehewe, nipone upesi. Nikarudi kwa furaha kumpa mavyaa habari hizo. Alinisikiliza, akasema sawa, akaendelea kuchambua mchele.

Jumamosi ile niliamka nikakuta kona ya jembe iko tupu.

Ni lazima ujue mambo ya majembe pale. Watu wakipumzika, majembe yote yaliegemezwa kwenye mnazi mmoja, na kila mtu alilitambua la kila nyumba kwa mpini wake. La kwetu mpini wake alikuwa ameuchonga marehemu baba mkwe, wenye kifundo karibu na kichwa cha jembe, na lilikuwa halijakosekana kwenye mnazi tangu zama za kulimiana kwa zamu, kabla ujamaa haujaitwa ujamaa. Hakuna ambaye angetusema. Balozi alikwisha kusamehe. Lakini mavyaa aliona pengo lile kwenye mnazi kwa macho yake kabla halijatokea, na hakuweza kulivumilia.

Alirudi adhuhuri na udongo mpaka magotini. Nilimpokea jembe kwa mkono wa kushoto, uso umenishuka. Nikamwambia balozi ametusamehe, kwa nini afanye hivyo. Akasema balozi amenisamehe mimi, jembe hajalisamehe. Akaoga, akaswali, akala, akakaanga chumvi. Nikamwambia leo apumzike. Akaniambia nilale. Basi nikalala, na mikono iliyolima kwa ajili yangu ikanikanda mimi niliyekaa, na kwenye kucha zake udongo ulikuwa haujatoka wote. Nililia uso ukiwa kwenye mkeka. Alidhani ananiumiza, akapunguza nguvu.

Juma hilohilo nilipewa hotuba ya kupiga chapa. Ilikuwa ya kuwasema kupe. Wakati ule neno hilo lilikuwa kila mahali, redioni, mikutanoni, madarasani: kupe ni yule anayekula jasho la mwenziwe. Nilipiga k, u, p, e, nikazipiga kwa nguvu ili zifike kwenye nakala ya mwisho, na kila nilipolifikia neno lile nilihisi ninapiga chapa jina langu. Wenzangu ofisini waliniona napangusa uso, wakadhani ni jasho. Nilikuwa nafuta macho.

Jumamosi iliyofuata nikasema haiwezekani. Ijumaa jioni nililificha jembe uvunguni mwa kitanda changu, na alfajiri, wakati mavyaa yuko kwenye sala, nikatoka nalo. Nilikwenda nikijiona shujaa. Watu walinishangilia, mgonjwa amepona, nikatabasamu. Tuta la kwanza nililimaliza. La pili nililimaliza kwa kung'ata meno. Kwenye la tatu mkono ulikufa kabisa, jembe likaniponyoka, na wanawake wawili wakanirudisha nyumbani wakiwa wamenishika huku na huku kama bibi harusi.

Nilitegemea matusi. Daktari ndiye aliyenifokea, akaniuliza kama nimekwenda kwake kutibiwa au kumpotezea dawa. Mavyaa hakufoka. Alisema tu nimemwaga mafuta yake yote mchangani. Kisha akaanza upya. Juma zima alinikanda asubuhi kabla sijaamka vizuri na jioni tena, majani ya mbono yaliyopashwa moto juu ya bega, chumvi, gumba lake likizunguka palepale. Na jembe akalihamishia chumbani kwake, karibu na kichwa chake, na kila Jumamosi akatoka nalo yeye. Kwa hiyo nilichokipata kwa ushujaa wangu ni kumwongezea kazi mara mbili. Nilipojaribu kusema, nilisema na ukuta.

Hata hivyo nilipona, na hili nalo lilinitia haya. Kiti kilipandishwa. Vidole viliacha ganzi. Ukutani, pale uani penye chokaa, niliweka alama ya mkaa kila vidole vyangu vilipofika, na alama zilikuwa zinapanda. Jirani waliuliza tunampima mtoto gani urefu. Mavyaa aliwajibu kwamba ni mtoto wake, amechelewa kukua.

Katika siku hizo akaanza kuniomba nimshushie vitu. Mwanangu, nishushie kawa. Nishushie ule ungo. Nilifurahi, mjinga mimi. Nilidhani sasa amenizoea, ananituma kama binti yake wa kumzaa.

Kisha alasiri moja niliingia na birika la chai wakati anaanza kuswali. Alikuwa amenipa mgongo. Akainua mikono kwa takbira. Wa kushoto ukafika begani. Wa kulia ukafika kifuani, ukasimama hapo, ukatetemeka kidogo, ukashuka. Nikabaki mlangoni na birika mkononi mpaka mpini wake ukaniunguza.

Alipomaliza nikamuuliza mkono una nini. Akasema uzee. Nikamwambia mama, ngoja nikukande, nimejifunza kwako, najua pa kushika. Hapo ndipo nilipoona sura ambayo sikuwa nimeiona kwake. Hakukasirika, ila alijifunika kanga vizuri mabegani na kusema hayo hayafanywi. Mkamwana hamvui mavyaa wake nguo. Ni heshima, tena yangu zaidi kuliko yake. Nikamwomba basi aitwe mkandaji mwingine. Akakataa kata kata, na sababu niliifahamu bila kuambiwa: mkandaji wa nje angeuliza bega limekuwaje, na Miburani nzima ingejua jibu kabla chungu cha chumvi hakijapoa.

Nilikwenda kwa daktari kwa ajili yangu nikazungumza habari zake tu. Aliniambia nimlete. Nikamwambia haji. Akafikiri, akasema mikono ya mtu wa umri ule ikikwama inaweza ikakaa hivyohivyo, na kila siku inayopita bila kuinyoosha inazidi. Kama haji, ukuta upo kwetu. Nimpandishe ukuta. Mimi mwenyewe akaniruhusu jembe, taratibu.

Nikarudi na uwongo nilioutengeneza njia nzima. Nikamwambia mavyaa kuwa daktari amenishtukia, ninafanya mazoezi kwa kudanganya, anataka nifanye na mwenzangu wa kunisimamia naye afanye palepale. Sina shaka alijua. Lakini akaja ukutani, akaweka vidole karibu na vyangu. Vyangu vikapanda. Vyake vikapanda mpaka usawa wa kidevu, vikasita. Nikachukua mkaa nikaweka alama. Akaiangalia alama yake, akaangalia yangu juu yake, akasema kumbe kweli nimekua.

Kuhusu jembe aliniapisha. Nilisema wallahi daktari ameniruhusu, ndipo akalitoa chumbani na kunikabidhi mwenyewe, akaniambia nisilime kwa hasira. Tukaendelea hivyo, Jumamosi jembe mimi, kila jioni ukuta sisi sote wawili. Alama yangu ikafika mwisho wa mikono yangu, ikawa haina pa kwenda. Yake ilipanda kidogo, ikarudi, ikapanda tena, na kipupwe kilipoingia ikabaki pale usawa wa macho. Mtu ambaye watu walimwita kushusha vitu vya juu.

Mume wangu alikuja likizo wakati huo. Niliogopa kurudi kwake kuliko nilivyomtamani, na kwa mke wa baharia hilo ni jambo kubwa. Alimwacha mama yake mzima. Nilijua ataona, na aliona siku ileile. Mama alipompokea alimkumbatia kwa mkono mmoja. Mume wangu akauliza, mama mkono vipi? Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimejiandaa kusema yote, jembe, chumvi, kila kitu, acha aniseme atakavyo.

Mavyaa akawahi. "Huu? Huu ulikwama zamani, mwanangu. Kabla mkeo hajaingia nyumba hii."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya chumvi. Mume wangu, mtu wa safari, nyumbani anapita tu, aliamini. Akasema pole mama, mbona hukuniambia. Mimi nilikuwa nimeangalia chini. Kisha mavyaa akanigeukia.

"Mshushie mumeo mkeka," akasema.

Mkeka ulikuwa mahali pake, juu ya boriti. Nikanyoosha mkono wa kulia, ukaenda bila maumivu hata kidogo, nikaushusha, nikaukung'uta, nikautandika. Sikuthubutu kumtazama.

Mume wangu alipotoka kwenda msikitini nilimfuata mavyaa chumbani kwake. Nikamuuliza kwa nini amesema vile, na mimi namkumbuka, namkumbuka siku ya kwanza kabisa, akiushusha mkeka kwa mkono huohuo. Alikuwa amekaa kitandani, anatazama mkono wake uliolala mapajani.

"Mkono ni wangu," alisema. "Nimeutumia nilipotaka."

Kisha kwa mkono wa kushoto akaifungua kanga begani, akageukia ukutani nisimwone uso. Nami nikaliona bega lake kwa mara ya kwanza. Akasema: "Haya, kanda. Na usilie, machozi hayana mafuta."

Nikapasha mafuta, nikakaanga chumvi. Gumba langu likatafuta, likakuta kifundo palepale kilipokuwa changu, chini ya shingo upande wa kulia, kigumu zaidi. Nilimkanda siku hiyo na siku zote zilizofuata, miaka yote iliyobaki, na mkono ule haukupita tena macho yake.

Sasa mimi ni wa umri aliokuwa nao yeye. Asubuhi bado napandisha vidole ukutani, kama nilivyoamriwa. Mkono wangu wa kulia unafika juu kabisa, na kila ukifika naona haya.